Jarida la Sheria na Kushona

Sisi watu wa Bukavu tuna tabia moja: kitu cha maana tunakiita kwa Kifaransa, halafu tunakicheka kwa Kiswahili. Jarida letu lilikuwa kitu cha maana, kwa hiyo liliitwa revue. Ndani yake wanasheria na watafiti waliandika makala ndefu juu ya sheria na maisha ya watu: mashamba, ndoa, urithi, soko, mabaraza ya machifu. Siku moja mama mmoja muuza sambaza, jirani yangu, aliniuliza, "Maman, ile revue yenu, ni batu gani banaisomaka?" Nikamjibu kwamba ni wengi. Akasema, "Ah bon. Basi ni bale benye banaiandikaka." Nilikasirika, nikakataa kununua samaki zake, nikaenda zangu. Kufika kona nikaanza kucheka peke yangu kama mwendawazimu, kwa sababu mama yule alisema kweli tupu.

Mimi nilikuwa katibu wa uhariri. Makala ikifika, mimi ndiye wa kwanza kuifungua na mimi ndiye wa mwisho kuifunga, na katikati hapo nilikuwa na bic yangu nyekundu ya kusahihishia. Nina hasira za karibu, sikatai. Mume wangu alikuwa akisema kwamba nikikuta koma imekaa pasipo pake, siku hiyo hata maharagwe nyumbani yanaungua. Lakini kazi ile niliipenda. Niliipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na niliifanya katika miaka ya vita, mji ukiwa mikononi mwa waasi, mishahara imesahau njia, na Kinshasa imekuwa mbali kuliko Ulaya.

Biro yetu, yaani ofisi, ilikuwa chumba kimoja mtaani Muhumba, nyumbani kwa profesa wa sheria aliyelianzisha jarida. Tulimwita Prof, basi. Alikuwa mtu mzee mwenye tumbo la furaha na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Dirisha la kushoto lilitazama ziwa. La kulia lilitazama darasa la wasichana wa parokia, na juu ya ukuta wa darasa hilo mtu alikuwa ameandika kwa rangi ya buluu, herufi kubwa ajabu: COUPE ET COUTURE. Maana yake kukata na kushona. Huku kwetu msichana akishindwa hesabu anapelekwa coupe et couture. Na akizishinda hesabu lakini baba hana kitu, anapelekwa huko huko. Asubuhi nzima tulisikia mashini zao zikikimbia na wao wenyewe wakiimba nyimbo za kanisa, na wakati mwingine, sista akitoka, nyimbo ambazo si za kanisa hata kidogo.

Wa tatu wetu alikuwa mwenzetu wa kompyuta, baba wa mapacha, mtu mpole asiyejua kugombana. Meza yake ilielekea ukuta ule. Msiusahau ukuta huo.

Sasa, jarida la aina hii halichapi tu kinacholetwa. Makala lazima isomwe kwanza na wataalamu wawili wasiojua mwandishi ni nani, waseme kama inafaa. Nusu ya wataalamu wetu walikuwa Kinshasa, na kati yetu na Kinshasa kulikuwa na majeshi sijui ya nchi ngapi. Posta haikuwepo. Basi tulikuwa tunampa bahasha padri anayekwenda Kigali, naye anampa mtu anayekwenda Nairobi, naye anamtafuta mtu mwenye ndege ya Kinshasa. Makala juu ya mashamba ya mpunga ya Luberizi, hapo chini tu kwenye bonde la Ruzizi, ilizunguka nusu ya Afrika ili mtu akaseme kwamba aya yake ya pili ni dhaifu! Halafu jibu linarudi kwa njia ile ile, bahasha imechoka, ina alama ya kikombe cha chai cha mtu tusiyemjua. Mwandishi huku anawaka: "Dhaifu? Mimi? Aseme yeye!" Anaandika jibu, nalo linaanza safari.

Prof aliyafurahia mambo hayo kama mtoto aliyepewa muwa. "Unaona?" aliniambia. "Wanajeshi wamegawa nchi. Lakini maelezo ya chini ya ukurasa bado ni nchi moja."

Na tulikuwa na desturi yetu. Kabla ya kupeleka namba, yaani toleo, kwa mchapaji, tulisoma yote kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Mimi nasoma, Prof anafuata na kidole kwenye karatasi yake, mwenzetu wa kompyuta anasahihisha. Chai iko, karanga ziko. Nikifika kwenye sentensi ndefu ya wale ndugu zetu wasiojua nukta, Prof ananyanyua mkono na kuniamuru, "Pumua!" Napumua, tunacheka, naendelea. Risasi zikilia mlimani tunanyamaza, tunatega sikio kujua kama ni mbali, halafu Prof anauliza, "Tuliishia wapi?" Tulisoma mpaka namba za kurasa. Kitu kimoja tu hatukusoma kwa sauti hata siku moja, nacho ni kifuniko. Nani anasoma kifuniko? Kifuniko unakijua kama unavyojua jina la mtoto wako.

Mwaka huo tulitayarisha namba ambayo Prof aliingoja tangu ujana wake: sheria na mila. Wajane, mashamba ya ukoo, ng'ombe wa mahari, yote yalikuwa mle. Kwa Kifaransa mila ni coutume, kwa hiyo kichwa chake kilikuwa Droit et coutume, sheria na mila. Tulisoma, tukapumua, tukapeleka kwenye mashine ndogo ya uchapaji ya parokia. Mchapaji, mtu wa maneno mengi, alituonya kwamba karatasi amepata kwa taabu kutoka ng'ambo ya mpaka, na zile pini za chuma za kushikiza kurasa ndizo za mwisho. "Namba yenye kuja," alisema, "mutaifunga na kamba ya migomba."

Vitabu vilifika asubuhi moja ya mvua, vimefungwa kwa turubai, juu ya kichwa cha mbebaji. Prof alichukua cha kwanza, akakinusa. Kila mara alinusa kwanza. Alisema wino mpya una harufu ya mkate. Halafu akakigeuza akakitazama kifuniko. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akanipa mimi.

Herufi zilikuwa kubwa, nyeusi, nzuri kabisa. DROIT ET COUTURE. Sheria na kushona.

Herufi moja tu. Pale palipotakiwa M, palikuwa na R. Nilipiga ukelele, hata mashini za wasichana ng'ambo zikasimama. "Yesu Maria! Couture? Couture! Nani ameandika hii?" Mwenzetu wa kompyuta alisogea, akasoma, akageuka polepole kutazama dirishani, kwenye ukuta wa buluu. Sote tukageuka kutazama. Maskini, miezi mingi mtu anaandika neno huku jingine linamwangalia usoni, mwisho mkono ukamtii jirani.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwambia mambo ambayo mapacha wake wasingependa kusikia, ndipo nikasikia sauti kama ya chungu kinachochemka. Ilikuwa tumbo la Prof. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya mizigo ya vitabu. "Wataalamu wawili," alisema akijifuta machozi, "Nairobi, Kinshasa, Kigali... na kifuniko kikasomwa na sista wa coupe et couture!" Basi nami hasira ikanitoka, nikacheka, na mwenzetu wa kompyuta akacheka kwa woga, na wasichana ng'ambo, bila kujua sababu, wakacheka pia. Kuteleza si kuanguka, ndivyo wanavyosema, nasi tulikuwa tumeteleza kwa matako mbele ya mji mzima.

Kuchapa upya hakukuwezekana, karatasi ilikwisha. Niliamua kama katibu: tutakata vipande vyeupe vilivyoandikwa coutume, tutavibandika juu ya lile neno, kitabu kwa kitabu, na hakuna nakala itakayotoka nje na kosa. Nilipika gundi ya unga wa muhogo, kama ile ya kubandika matangazo ya matanga, na tukaanza. Kumbe mchapaji, kwa kujivunia kazi yake, alikuwa tayari amekiweka kimoja juu ya meza ya biro ya parokia, ili kila anayekuja kuandikisha ubatizo akione.

Ndipo alipokuja mama mmoja tusiyemjua.

Tulikuwa bado tunabandika, vidole vimeshikana. Alipiga hodi, akasimama mlangoni, tope la Kadutu, mtaa wa mlimani, limempanda mpaka magotini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa kikwembe cheusi cha mjane, lakini blauzi yake ilikuwa imeshonwa vizuri, kola imekaa sawa kama ya dukani.

"Samahani ba papa na ba maman," alisema. "Ni hapa banatengenezaka ile kitabu ya droit et couture?"

"Hapana, maman," nilijibu, na nadhani nilijibu kwa ukali. "Ni makosa. Ni coutume."

Prof alinitazama juu ya miwani, akamvutia yule mama kiti. "Kaa, maman. Kunywa chai kwanza. Unaitafuta kwa sababu gani?"

Akakaa, akaeleza. Mume wake alikuwa akishuka bondeni kununua mchele wa Luberizi na kuuza Kadutu sokoni. Homa ilimshika huko, akafia huko. Matanga yalipoisha, ndugu za mume walikuja wakabeba godoro, wakabeba redio, wakabeba mashini ya kushona. Godoro na redio hakuzililia. "Lakini ile mashini," alisema, "mama yangu njo alininunulia, wakati nilimaliza coupe et couture. Bwana alinikuta nayo. Watoto wangu watatu banakulaka mu ile mashini. Shemeji anasema ni mila, kila kitu kilikuwa mu nyumba ya mwanaume ni ya mwanaume, na mwanaume akikufa ni ya ndugu zake." Siku ya Mungu, Jumapili, ukoo ungekutana kwa shemeji mkubwa, mbele ya chef wa avenue, mkubwa wa mtaa, kulimaliza neno hilo. Baada ya hapo mashini ingekuwa imekwenda moja kwa moja. Naye alipokwenda parokia kuomba misa ya marehemu, akakiona kitabu juu ya meza. Kifaransa chake kilikuwa kidogo, lakini neno couture alilijua kama jina lake, na droit nani asiyelijua. "Nikasema, Mungu ni mukubwa. Kumbe bashonaji beko na sheria yabo."

Niliweka chini kipande nilichokuwa nakibandika.

Prof alimweleza polepole kwamba kitabu si cha kushona, ni cha mila. Lakini ndani, kwenye makala ya pili, mna habari yake hasa: mjane na vitu vyake. Akampa nakala moja iliyokwisha kubandikwa. Yule mama aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa kile kipande cheupe.

"Hii hapana," alisema. "Munipatie ile ya couture."

"Lakini maman," nikasema, "ile ni kosa!"

"Ni kosa yenu, maman. Haiko yangu."

Mwenzetu wa kompyuta alikohoa ili asicheke. Mimi nilihisi hasira inapanda, kwa sababu jarida la wataalamu si karatasi ya kufungia karanga, na nilikuwa nimesema hakuna nakala itakayotoka na kosa. Nilimtazama yule mama. Hakuwa ananicheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono juu ya magoti, na vidole vyake vilikuwa vinakunja pindo la kikwembe, kunja, nyoosha, kunja, nyoosha, vidole vya mtu ambaye siku nyingi hajashika kazi yake. Nikavuta moja kutoka kwenye zile ambazo hazijabandikwa, nikampa.

Akaigeuza, akaridhika, halafu akauliza, "Na cachet?"

Hapo Prof alichekea ndani ya chai. Maana huku kwetu karatasi bila muhuri ni jani tu. Hata barua ya mapenzi ingepata muhuri kama kungekuwa na ofisi yake. Tulikuwa na muhuri wa duara wa jarida, wa rangi ya zambarau. Prof aliupulizia pumzi, akaupiga pale juu, kando kabisa ya ile R. Halafu, kwa usalama, akaupiga tena.

Siku ya Mungu baada ya misa, Prof aliniambia twende. Nilivaa viatu vya kanisa, upumbavu wangu mwenyewe, tukapanda Kadutu kwa zile njia za miguu ambazo mvua ikinyesha zinakuwa sabuni. Prof aliteleza mara nyingi akishika mabati ya watu na kuomba samahani dirisha kwa dirisha. Watoto walitufuata wakiimba, "Prof anaanguka! Prof haanguke!" Nyumba ya shemeji ilikuwa imejaa. Vita vilikuwa vimemletea jamaa za kutoka vijijini, wanalala mpaka jikoni, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu mbaya. Mashini ilikuwa pale sebuleni, imefunikwa kitambaa, redio juu yake, na juu ya redio ua la plastiki. Yule mama alikaa akiitazama kama unavyomtazama mtoto wako akiwa kwenye mgongo wa mtu mwingine.

Kasiksi, pombe ya ndizi, ilizunguka, salamu zikazunguka. Shemeji akasema neno lake: ukoo, marehemu, mila. Alisema vizuri. Halafu yule mama aliinuka, akaweka kitabu mezani mbele ya chef wa avenue, kifuniko juu. Chef alikuwa mwalimu mstaafu mwenye kofia. Akaomba miwani ya Prof, ile ya uzi, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama darasani.

"Droit. Et. Cou-tu-re." Akanyanyua macho. "Kumbe! Prof, sheria ya kushona ilitoka?"

Nilijua Prof hawezi kusema uongo. Nilifanya naye kazi, namjua. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, na haikusaidia.

"Chef," alisema, "ile R ni kosa letu. Tulitaka kuandika coutume. Lakini ndani..."

Hakumaliza. Shemeji alisimama na kikombe mkononi. "Mumesikia? Mwenyewe amesema! Coutume! Ni mila, si kushona! Na mila inasema mashini ni ya ukoo!" Ndugu zake wakaitikia. Yule mama aliinamisha kichwa, nami nikajiambia, basi, kwisha, tumemuua kwa ukweli wetu.

Prof hakujali kelele. Aliomba miwani yake, akafungua makala ya pili, akasoma kwa Kifaransa, kisha akaifafanua kwa Kiswahili, kisha kwa Kimashi kwa ajili ya bibi mzee aliyekaa kwenye mkeka: kitu alichopewa mwanamke na kwao hakiwi cha mume kwa sababu tu kililala chini ya paa lake. Bibi mzee aliitikia kwa kichwa akasema jambo kwa Kimashi, na wanawake wakaguna kukubali. Alisema kwamba jembe alilokuja nalo kwa ndoa bado analo, na aje mtu alichukue aone. Lakini shemeji alikuwa ameshika neno lake moja na hakuliachia. "Coutume ni coutume," alisema. "Sisi tunafuata coutume."

Hapo yule mama aliinua kichwa. Akasogea mezani, akaweka kidole juu ya kifuniko, kando ya ule muhuri wa zambarau, akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Shemeji, soma muzuri. Coutume iko na M. M iko wapi hapa?"

Shemeji akainama kutazama. Kweli akatazama! Akaitafuta M kwenye neno zima, na kidole chake.

"Haiko," alisema yule mama. "Baliitoa. Bakatia couture. Na bakapiga cachet. Mara mbili."

Bibi mzee wa kwenye mkeka, ambaye sijui kama alielewa Kifaransa chochote, ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kikawaka nyumba nzima. Wanawake walipiga makofi, chef alivua kofia akajipepea, Prof tumbo likachemka, na mimi nilicheka mpaka nikamshika mke wa shemeji begani nisidondoke. Na shemeji, bado ameinama juu ya kifuniko na kidole chake, alianza kutikisika mabega, tukadhani analia, kumbe naye anacheka. Ukishacheka na mtu mbele ya watu, ni vigumu sana kuendelea kumnyang'anya.

"Mwenye macho haambiwi tazama," chef alisema alipopata pumzi. "Kosa ao haiko kosa, iko na cachet. Mashini irudi."

Shemeji alikaa chini. Alisema, na sasa alisema kweli, kwamba binti yake mkubwa alitaka kujifunza kushona, na yeye hana kitu cha kumpeleka parokia. Ndiyo sababu aliishikilia mashini. Yule mama alimtazama. "Shemeji, juu ya nini hukusema? Anitumie mutoto. Nitamufundisha bure." Basi ua la plastiki likatolewa, redio ikatolewa, kitambaa kikatolewa. Alipopitisha kiganja juu ya chuma kile cheusi nilitazama pembeni, maana machozi yalikuwa karibu, na mimi sipendi kulia nikiwa na viatu vya kanisa vilivyoharibika. Shemeji mwenyewe alikibeba kichwa cha mashini kuishusha njia ile ya sabuni, binti yake nyuma na miguu ya chuma, na sisi nyuma yao tukiimba kama watu wa harusi.

Jumatatu nilirudi kwenye gundi yangu ya muhogo. Nakala zilikuwa zimebaki nyingi. Prof alikuja akanitazama, akasema, "Tuache hizo." Sikubishana. Nusu ya namba ile ilikwenda duniani ikiwa ya mila, nusu ikiwa ya kushona, na miezi mingi baadaye bahasha ilirudi kutoka Kinshasa, mtaalamu mmoja akiuliza kwa heshima kubwa ni lini tulipanua uwanja wetu wa utafiti.

Halafu mpaka ukafungwa. Namba iliyofuata ilikuwa imesomwa, imepumuliwa, iko tayari, na mchapaji akatuambia yale aliyotuonya: karatasi alizipata kabla mpaka haujafungwa, pini hakuna, wala Bukavu nzima hakuna, wala hajui lini. Namba isiyofungwa si namba, ni rundo la karatasi. Upepo mmoja wa ziwani na kazi ya mwaka imeisha. Kwa mara ya kwanza nilimwona Prof hana mzaha. Alikaa dirishani, mgongo kwa ziwa, akasema labda ndiyo mwisho wa jarida, labda vita vimepata mahali pa kuingilia. Ng'ambo, wasichana walikuwa wanakimbiza mashini zao.

Sijui ni nani kati yetu aliyesema kwanza. Nakumbuka tu kwamba nilipanda Kadutu siku hiyo hiyo, safari hii na viatu vya shamba. Nilimkuta yule mama mlangoni kwake, nje ya giza la nyumba, mguu unakanyaga mashini, binti wa shemeji kando anakata kitambaa cha sare za shule. Nilimwonyesha kurasa zilizokunjwa, nikamwuliza kama sindano yake inaweza. Alizishika kwenye mkunjo, akazipima unene kati ya vidole, akabadilisha sindano akaweka ile ya kushonea jeans, akapitisha mara moja. Uzi ulikuwa mwekundu, ndio aliokuwa nao. Kurasa zikashikana imara. Nilivuta, nikavuta kwa hasira zangu zote. Hazikutoka.

"Mulete zote," alisema.

Kabla ya kuchapa, mwenzetu wa kompyuta aliniletea karatasi ya kwanza ya kusahihisha, kifuniko pamoja na ukurasa wa ndani wenye majina yetu. Siku hizo vifuniko nilivisoma kwanza. Nikashika bic nyekundu. Mkurugenzi, jina la Prof. Katibu wa uhariri, jina langu. Kompyuta, jina lake yeye baba wa mapacha. Na chini yetu, mstari mpya ambao Prof alikuwa ameuongeza bila kutuambia, neno moja, nukta mbili, halafu jina la yule mama.

Nililisoma herufi kwa herufi, nikarudia. Couture. Nikafunika bic, maana safari hii halikuwa na kosa.